Unga wa Muhogo kwenye Kabureta

Mjukuu wangu Amina,

Hapa Pajulu tu wazima, na muhogo umekauka vizuri. Unasema pikipiki yako kuukuu inavuja petroli, na fundi wa huko Kampala anataka kubadilisha kabureta. Mwambie angoje.

Nikiwa msichana, yangu ilinivujia njiani nikipeleka samaki soko la Koboko. Matone yalidondoka chini ya kabureta. Kijana mmoja akasimama, akasema, "Dada, kabureta iko sawa."

Injini ilipopoa, akaipangusa ikakauka, akapaka unga wa muhogo, akafungulia petroli. Unga ulilowa kwanza juu, kwenye ncha ya mpira unaotoka tangini. Chini petroli ilikuwa inateremkia tu. Akakata ncha iliyopasuka, akaurudisha mpira. Nikawahi soko.

Kijana huyo ndiye babu yako. Kwamba unga ule ulikuwa chakula chake cha jioni, nilijua baada ya kuoana.

Bibi yako