Moli mbili za maji

“Aombe radhi mbele ya darasa, la sivyo mtihani hafanyi.”

Huyo ni mwalimu wa kemia wa mdogo wangu wa kike, kaka. Nimeitwa shuleni kama mlezi, ndiyo natoka sasa hivi.

Kosa la binti unalijua? Mwalimu kauliza moli mbili za maji zina molekuli ngapi. Akagawanya mwenyewe ubaoni kwa ile namba ya Avogadro, idadi ya molekuli katika moli moja. Binti akanyoosha mkono: “Mwalimu, hapo tunazidisha. Jibu lako halifiki hata molekuli moja, na maji tunayaona.” Darasa likacheka.

Basi. Kosa ndilo hilo.

Sasa sikia uchafu wenyewe. Jamaa kanivuta koridoni, ananinong'oneza: “Najua ni kuzidisha, nilipitiwa. Lakini nikikiri leo, kesho nani ataniheshimu?”

Najua ni kuzidisha!! Kasema kwa mdomo wake. Na ubaoni bado kagawanya, watoto wa watu wananakili hivyohivyo, mtihani wiki ijayo.

Nikamuuliza, “Kwa hiyo wafeli wote ili wewe uheshimiwe?”

“Kijana, wewe shule uliikimbia. Haya yaache.”

Nikaenda mlangoni, nikasema darasa zima lisikie: “Mdogo wangu, mwalimu wako kaniambia uko sahihi. Ni kuzidisha.”

Wote wanamtazama mwalimu, kalamu mkononi, wanasubiri neno lake.

Akajipangusa chaki kwenye suruali, akageuka, akaenda zake. Ubao hakuugusa.