Saa Moja Angani

Mjukuu wangu Minza,

Mwangaluka. Hapa Bariadi tu wazima. Mguu wa babu yako umepona, na ameanza kuchuma pamba.

Umeniuliza kama safari ya ndege kutoka Kilimanjaro hadi Mwanza ni ndefu, maana unaogopa. Ni karibu kilomita mia tano, kama saa moja tu. Lakini saa hiyo naijua.

Nilikuwa na umri wako, nikitoka Mwanza kwenda kumwona dada yangu aliyelazwa Moshi. Katikati ya safari tuliingia kwenye wingu jeusi. Ndege ikashuka ghafla, ikatikisika, watu wakapiga mayowe. Jirani yangu wa kiti, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Lalago, mtu wa miraba minne, akanishika mkono.

"Mayu, mama yangu, tunakufa?"

"Hatufi, baba. Ndege ndivyo zilivyo. Nimezipanda mara nyingi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Akanikazia macho usoni, nami nikajilazimisha kutulia. Nikamwuliza habari za ng'ombe wake. Akaanza kunitajia mmoja mmoja kwa rangi, na kabla hajamaliza nikasikia moyo wangu unatulia kweli.

Tulipotua nilimwambia ukweli. Akacheka hadi machozi.

"Kumbe tulikuwa wawili!"

Dada nilimkuta ameketi, anakunywa uji.

Kata tiketi, Minza, hata kama hofu haijaisha. Mimi na babu yako tutakupokea Mwanza.

Bibi yako,
Ngolo