Kasete Uliyoirudia Mudzipela

Baba,

Nimekukasirikia. Nilitaka kuanza kwa salamu nzuri, kama ulivyotufundisha weye mwenyewe darasani, lakini ningekuwa nadanganya, na uongo hukuupenda. Ama ndivyo nilivyoamini mpaka juzi.

Siku ile tulipokimbia mtaa wetu wa Mudzipela, masasi ya bunduki yakilia upande wa soko, Mama alibeba sufuria, mimi unga na blanketi. Tulishafika barabara kubwa, weye ukasimama. "Muende, niko nakuja." Ukarudi nyumbani. Mama alikaa chini pembeni ya barabara akakataa kusonga. Watu walitupita mbio, siye tunakungoja, mpaka tukakuona unatokea, koti umelifunga hadi shingoni. Nilidhani umefuata dawa zako, au karatasi za nyumba. Ilikuwa kasete. Kasete ya filme, Baba! Televizyo ilibaki, mashini ya kuichezea ilibaki, na hapa kambini karibu na uwanja wa ndege hata taa hatuna. Mama alikupa mgongo siku mbili.

Filme yenyewe naijua kama sala. Ya zamani, nyeusi na nyeupe, Kifaransa tupu. Mwanamke anatunza posta ya mji mdogo. Kila Jumamosi inafika barua yenye jina la mtu aliyekwisha kuzikwa, na kila Jumatatu barua haipo. Mwisho anajifungia ndani ya posta ili amwone mchukuaji. Kivuli cha kofia kinapanda ukutani, mwenye kofia haonekani. Ngazi zinalia. Kitasa kinazunguka polepole, polepole... Hapo ulikuwa unasimama na kuzima televizyo. "Mafuta ya grupu iko inaisha," ulisema, ukatoka kuzima jenereta. Kila mara! Nilikununia tangu nikiwa mdogo.

Hapa chini ya bashe, turubai letu la kambini, ukaanza kuwahadithia watu, kila alasiri, mvua ikipiga plastiki. Ngazi ulizigonga kwa kijiko juu ya sufuria yetu moja mpaka ikabonyea. "Filme ya rangi inakuonyesha kila kitu," uliwaambia. "Hii inakuachia kazi. Hakuna bunduki, hakuna damu, na moyo iko inapiga." Watu waliokimbia bunduki na damu wakashika vifua kwa ajili ya kitasa. Na mimi, nikiri, nilisimama pale na bidoni la maji mkononi, nimechoka, nimeudhika, na miguu imekataa kuondoka.

Homa ilikukuta umefika kwenye kitasa. "Kesho nitawamalizia," uliwaambia. Kesho yake hukuweza hata kuketi. Siku ya tatu tukakuzika.

Tangu hapo sina amani. Machozi hayajakauka, Mama Furaha wa kijiji cha Bule ananishika mkono kwenye foleni ya maji: "Pole, mutoto yangu. Sasa, nani alifungua mulango?" Muzee wa Boga, ambaye yeye na Mama Furaha hawajasalimiana tangu tufike hapa, ananiuliza lilelile. Hata mhubiri aliyekuja kutuombea, alipomaliza amina, akainama sikioni mwangu akauliza.

Juzi nikaipeleka kasete mjini, kwa fundi wa redio mwenye grupu. Nikaketi. Kivuli. Ngazi. Kitasa. Mlango ukaanza kufunguka, na kwaya ikatokea! Kwaya ya arusi ya Shangazi, kwa rangi, wanapiga makofi. Nikamwuliza fundi kama mashini yake imeharibika.

"Hapana," akasema. "Walirekodi juu yake zamani. Muzee yako aliniletea mara tatu, akiuliza kama mwisho inaweza kurudi."

Mara tatu, Baba. Mwisho hukuujua weye mwenyewe! Na siye ukatuambia mafuta. Nilicheka, halafu kilio kikanishika, fundi akatoka nje akaniacha.

Jioni nikawaambia watu ukweli. Walikasirika kuliko mimi. Mama Furaha akasema lazima ni mume wa yule mwanamke. Muzee wa Boga akasema upuuzi, ni marehemu mwenyewe, hakufa kabisa. "Weye ulimuona akizikwa?" "Na weye ulimuona akitoka?" Walibishana mpaka uji wangu ukaungua. Leo wamekaa tena kwenye mkeka mmoja, wakigombana, na hakuna aliyekumbuka kuniomba msamaha kwa uji.

Kesho nakwenda Mudzipela na majirani kuona kama nyumba ina paa bado. Mama amenikataza kutoa kitu ndani, hata kijiko. Nimemwahidi, na weye nakuahidi: nitarudi mikono mitupu, jua likiwa bado juu. Anasema nikuandikie kwamba amekusamehe. Usimwamini; kuondoka kwako hajakusamehe. Bado anaacha nafasi yako wazi kwenye mkeka, na mtu akikaa hapo anamfukuza.

Pumzika, Baba. Mimi niko naye.

Binti yako mkubwa