Alimziba Mtoto Macho Kabla ya Yule Mnyama

Jumatano. Mvua ilianza kabla hatujaamka, na kahawa yote imebaki ndani kwenye majamvi. Nimekaa jikoni, daftari juu ya goti. Mawe, mama mkwe wangu, anadhani naandika zoezi la kisomo cha watu wazima. Aendelee kudhani hivyo.

Kwanza nikiri. Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa akisema nitakuja kukishuku hata kivuli changu. Lakini tangu Jumapili sijalala vizuri, na safari hii nilikuwa na sababu.

Jumapili baada ya misa, padre alitualika ukumbini kuangalia filamu. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, jenereta ikanguruma nje, na katekista akasimama mbele kututafsiria. Alisema hadithi ilitoka kwenye kitabu cha zamani. Kuna chombo cha chuma kinachozama kwa makusudi, na ndani yake anaishi bwana mmoja mwenye ndevu ambaye hataki tena kusikia habari za nchi kavu. Chakula chake baharini, nguo zake baharini, hata wafu wake anawazika huko huko chini.

Balozi wetu wa nyumba kumi akasema kwa sauti, "Huyu ni kama wale wanaokataa kuhamia kijiji cha ujamaa." Watu walicheka, kisha wakanyamaza, maana siku hizi mzaha wa balozi hujui unaishia wapi.

Mawe alikuwa ameshaamua. "Huyo ni Mugasha," alisema, yaani yule mwenye ziwa ambaye wazee walimwogopa kabla ya misheni kuja. "Mmemfuata kwake, sasa mnamchokoza." Katekista akamwambia kwa heshima, waitu Mawe, huyo ni mzungu tu. Mawe akamjibu, "Na padre je? Si mzungu, na mnasema katumwa na Mungu?" Katekista akarudi kwenye kutafsiri.

Mume wangu, Rwegasira, alikaa pembeni yangu. Koku, binti yetu wa miaka minne, alikuwa mapajani mwake. Pale kwenye shuka la kuonyeshea filamu maji yalikuwa yametulia kabisa. Hakuna aliyeshtuka. Rwegasira akainua mkono taratibu, akamziba Koku macho. Nikamtazama, nikashangaa. Ndipo lile lidude lenye mikono chungu nzima likatoka majini, ukumbi ukalipuka kwa mayowe, na benchi la nyuma likaanguka na watu wake.

Alijuaje?

Tangu Pasaka Rwegasira anasema yuko Goziba, kisiwani, anavua. Anakuja nyumbani siku mbili, anaondoka tena. Goziba kuna vibanda vya nyasi, samaki na mbu. Hakuna senema. Na katekista alitutangazia mwenyewe kwamba filamu hii imetoka Bukoba mjini, ilikoonyeshwa mwezi mzima.

Basi nikaanza kuunganisha. Mashati yake. Mimi ndiye ninayeyafua, na yananuka magunia na vumbi la kahawa, samaki hata kidogo. Nilikuwa nasema ni kahawa yetu ya hapa nyumbani. Mjinga mimi! Halafu lile sharti lake la tangu Pasaka kwamba mke hamsindikizi mvuvi mpaka mwaloni, kwenye mitumbwi, ati ni mkosi. Mimi nikatii, nikawa naishia mwisho wa migomba na kupunga mkono.

Jumatatu, tukimenya ndizi, nikamuuliza Mawe kuhusu mkosi huo. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi maisha yake yote. Kisu kikasimama. "Mkosi gani? Nyavu za baba yao alizibeba nani mpaka mwaloni? Si mimi?"

Mama yangu we! Kuanzia hapo sikuwa na haja ya ushahidi mwingine. Nilimuumba mwanamke mzima kichwani. Nikampa nyumba Hamugembe, pale Bukoba mjini, katikati ya migomba, nikampa gauni la maua na mwanya wa meno. Nilimchukia mpaka nikaunguza maharage siku mbili mfululizo. Shuleni walitufundisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zake nilikuwa nazifua kwa mikono yangu.

Leo asubuhi Rwegasira alichukua mfuko wake. Mawe akampa buni za kutafuna njiani, kama kawaida. Nikasubiri kidogo, nikakata jani la mgomba la kujikinga mvua, nikamfuata. Penye njia panda, kushoto ni kuteremka ziwani, kulia ni barabara ya magari. Akaenda kulia. Niliumia, sifichi. Nilikuwa bado natamani niwe nimekosea.

Nilimkuta chini ya baraza la duka, Nshamba, anangoja basi la Bukoba.

"Baba Koku," nikamwambia, "ziwa limehamia huku?"

Matusi nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga. Hakujitetea. Alitazama miguu yake, akasema, "Siku ile ya Byabato nilikuwemo."

Byabato alikuwa rafiki yake tangu utoto. Alizama karibu na Pasaka, na Rwegasira alituambia kwamba yeye siku hiyo alibaki kisiwani. Kumbe mtumbwi ulipopinduka, mkono mmoja aliushikilia mtumbwi, mwingine alimshika Byabato, mpaka vidole vikakataa. Tangu siku hiyo akifika mwaloni miguu inagoma. Anabeba magunia kwenye ghala la kahawa mjini, analala Hamugembe kwa mbeba mizigo mwenzake. Samaki anaotuletea anawanunua sokoni.

"Na filamu?" Bado nilikuwa sijaridhika.

Ameiona mara nne. Alisikia ni maji mwanzo hadi mwisho, akaona ajaribu kuyatazama akiwa kwenye kiti kikavu. Mara ya kwanza alikimbilia nje. Mara ya nne aliimaliza. Jumapili alijua kinachokuja, hakutaka Koku ajifunze woga wake.

Nikamwambia afungue shati. Ndiyo, pale pale barazani. Bega lilikuwa limechubuka, ngozi imekomaa kama kisigino. Mwanamke haachi alama ya namna ile.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungemficha Mawe?" Kila mgeni anayeingia kwetu, Mawe humwambia kwamba ziwa halijawahi kumshinda mwanamume wa nyumba hii. Basi likaja, nikambebea mfuko hadi mlangoni. Tangu Pasaka, leo ndiyo mara ya kwanza kumsindikiza mpaka mwisho. Nilirudi nikilia, na matusi yangu yote bado ninayo.

Mawe alikuwa mlangoni, anatafuna buni.

"Umemsindikiza?"

"Ndiyo."

"Ziwa likoje?"

Mimi, ninayewachambua watu wote kwa uongo wao, nikamjibu, "Limetulia, Mawe."

Akanitazama usoni, kisha akashusha macho kwenye miguu yangu. Ilikuwa imejaa udongo mwekundu wa barabarani mpaka kwenye vifundo. Ziwani kwetu ni mchanga.

"Nawa miguu," akasema, "kabla shemeji zako hawajaja." Akanipa buni moja, akaingia ndani.

Amejua tangu lini? Kesho tutamenya ndizi pamoja, na sitamuuliza.