Mayai ya Sarmidi

Mpendwa Bu Suprapti, mama na mshauri wetu sisi tulio mbali na nyumbani, nisaidie na usinicheke, maana hapa kambini nimeshachekwa vya kutosha. Naitwa Ngatiran, mtu wa Wonogiri, Java, nafunga nondo kwenye jengo moja la ghorofa hapa Johor, Malaysia. Miaka ya wali, tambi za pakiti na chai ya maziwa ilinipa kitambi huku mikono imebaki vijiti, na msimamizi wetu Kok Leong akawa hanipandishi juu, anasema, "Wewe Tiran baki chini, mimba hiyo itavunja jukwaa!" Nikaona aibu, nikaamua kuondoa mafuta na kujenga misuli. Chini ya kitanda nilichopewa nilikuta bomba la chuma lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, alilolitengeneza marehemu Sarmidi, aliyelala hapo kabla yangu kisha akaanguka kutoka juu ya jengo, mimi sikuwahi kumwona. Nikaanza kunyanyua kila alfajiri, nikaacha wali kabisa, na kwa ajili ya misuli nikawa nachukua mayai ya kuchemsha na paja la kuku vinavyowekwa pamoja na udi pembeni ya jengo, nikidhani ni vya mzimu wa mahali, kwa sababu kwetu Java chakula kilichoombewa ni baraka, kinaliwa, hakiachwi kioze.

Bu, kitambi kimeisha. Mabega yametokea. Lakini bega la kushoto limeshuka, na wenzangu wakiniona kwa nyuma wanashtuka. Juzi mpishi wetu Mbok Jumiah aliangusha sufuria, akasema, "Hebu geuka nikuone uso, we mtoto! Hivyo ndivyo Sarmidi alivyokuwa akitembea." Kisha Kok Leong akauliza mbele ya watu wote, "Nani anakula mayai ya Sarmidi? Nayaweka pale alipoangukia ili atulie, na kila siku nakuta sahani tupu!" Watu wakatazamana. Mimi nikainama kufunga viatu. Tangu hapo nikinyanyua chuma nasikia pumzi ya mtu mwingine akinyanyua pamoja nami, nami nikipumzika yeye anaendelea kidogo ndipo anaacha. Nilipompigia mke wangu kwa video, binti yangu alijificha mgongoni kwa mama yake akasema, "Mama, huyu siyo baba." Na sasa Kok Leong amefurahi kwamba nimekuwa mwepesi, Jumatatu anataka nipande jukwaa la ghorofa ile ile ambako Sarmidi alianguka, wakati hata ngazini tu naona giza. Nipande, Bu? Na nikipanda, anayepanda ni nani?

Ngatiran, Johor

*

Mas Ngatiran, kaka,

Pole, halafu nikufokee. Mayai na paja la kuku kwa mtu anayebeba nondo kutwa juani, bila punje ya wali, na chuma kila siku bila kupumzika? Huko siyo kujenga mwili, ni kuubomoa. Giza unaloliona ngazini ni njaa. Binti yako ameona uso uliokonda, hata mimi ningejificha. Na hilo bega: yapime makopo yale kwenye mizani ya stoo. Zege iliyomiminwa kwa kukisia haiwi sawa, na uzito ukielemea upande mmoja kila alfajiri, mwili unapinda. Chuma hicho kilimpinda yeye, kimekupinda wewe.

Muulize Mbok Jumiah kama Sarmidi naye alikuwa ameacha wali. Nina hofu najua atakachokujibu. Hugeuki kuwa Sarmidi, Mas. Unafanya alichokifanya, na unajua kilimfikisha wapi.

Ile pumzi unayoisikia, sina maelezo yake, na sitajifanya ninayo.

Chuma hicho usikishike tena. Chukua chupa mbili, zijaze mchanga uliopimwa sawasawa. Nyanyua leo, kesho pumzika, na ulale usingizi wa kutosha. Kila mlo uwe na yai, samaki au tempe ya soya, mboga za kujaza sahani, na wali wa ngumi moja. Asubuhi kabla ya kazi ongeza wali. Kitakachopunguzwa ni tambi na sukari ya chai. Mafuta yataondoka polepole, na usiyakimbize, kwa sababu ukiyakimbiza yanaondoka na misuli.

Kosa lako jingine ni la mtu wa kwetu aliyekaa ugenini mpaka akakumbuka nusu tu ya mila. Baraka haichukuliwi kwa kunyemelea. Kwanza anatajwa anayeombewa, kisha wanakula wote. Basi mwambie Kok Leong ni wewe uliyekula. Pikeni, mtajeni Sarmidi kwa jina lake na la baba yake, mwombeeni, mgawane, na wewe ukae chini ule fungu lako mbele ya watu.

Na Jumatatu usipande. Sema wazi, wenzako wakisikia: "Bosi, nina kizunguzungu, leo nafanya kazi chini." Atafoka, atakuita mjamzito mbele ya kambi nzima. Mwache afoke. Wanaofokewa ni walio hai.