Lori la Kadra

Garsen,
Jumapili.

Kadra mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Josephine na Ifrah, ambao wameniagiza nizitangulize za kwao kabla sijaanza maneno yangu marefu. U hali gani huko? Mama hajambo? Na kifua cha bibi kimetulia, au huo upepo wa Kipini umekizidisha? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mengine utayasoma.

Barua yako nilipewa na shangazi yako Madina alipoleta maziwa sokoni. Alinicheka, akasema wasichana wa siku hizi wanaota simu usiku kucha na bado wanamtwika yeye makaratasi. Nikamwambia simu ni ya baba yako, na si kila kitu ni cha kusomwa na baba. Akacheka zaidi.

Umeniuliza jambo moja tu. Binamu yako Abdiaziz analitaka lile lori lako, na wewe unaona huenda huna tena kazi nalo. Unataka nikueleze kwa ukweli, kama tulivyofundishwa kuandika tathmini darasani, kama ni kitu cha kuwekwa au cha kutolewa. Najua, Kadra, huulizi habari za lori peke yake. Unauliza kama utarudi.

Basi nianze na lori. Kati ya roboti wote wanne wa kuchezea tulionunua dukani kwa Jamal, lako ndilo lililotengenezwa vizuri zaidi. Tingatinga langu lina vifundo imara, lakini likigeuka kuwa roboti halina uso, lina tundu tu. Ndege ya Josephine inapendeza ikiwa ndege. Ikisimama mikono inalegea, na stika zake zimebanduka zote kwa hili joto letu. Gari la zimamoto la Ifrah lilivunjika ngazi wiki ya kwanza, naye mpaka leo anaapa kwamba lilitoka hivyo kiwandani. Lakini lako unavuta magurudumu ya nyuma, unazungusha kichwa cha gari, uso unajitokeza chini ya boneti, na kila kipande kinaingia mahali pake kwa mlio mdogo. Plastiki yake ni nzito na haikwaruziki ovyo.

Tena sisi hatukununua kwa ajili ya lori wala ndege. Tulinunua kwa ajili ya ile picha ya nyuma ya boksi, wote wanne wameungana na kuwa jitu moja. Lori ni kifua na kichwa, ndege ni mikono, mimi na Ifrah ni miguu. Tulikubaliana kila mtu akae na chake nyumbani, ili jitu lisimame siku tukiwa pamoja tu. Jamal alitutania kwamba wasichana wakubwa hivi tutaposwa na roboti, nawe ukamjibu kwamba roboti angalau haamrishi chai. Bado anaisimulia kwa wateja.

Tangu mhame tumejaribu mara moja. Josephine alileta kopo la kakao liwe kifua badala ya lori lako, akalitoboa, tukafungia mikono na miguu kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ifrah akasema limekuwa kama mtu aliyemeza ngoma. Tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia. Kisha likaanguka kifudifudi, na hakuna aliyeinama kuliokota. Josephine akasema tusijaribu tena. Kila mtu akachukua chake akaenda.

Sasa nikueleze mambo ya upande wetu, maana sidhani kama kuna aliyekusimulia. Unakumbuka mafuriko yalivyolala juu ya malka, ile njia pana ambayo ng'ombe wenu wameishukia kwenda mtoni tangu kabla hatujazaliwa. Maji yalipoondoka yaliacha tope jeusi na njia haikuonekana tena. Kwetu Wapokomo, mahali mto ulipoacha tope mtu hupanda. Babu alifanya hivyo, na baba akafanya vivyo hivyo: akatia migomba na mahindi, akazungushia ua wa miiba. Sidhani alikusudia kuiba njia. Aliona udongo mzuri, akasahau kilichokuwa chini yake. Kiangazi kilipofika, ng'ombe hawakuwa wamesahau.

Yaliyofuata unayajua. Walishuka palepale, wakavunja ua, na yule ng'ombe mwekundu wa mama yako, mwenye mimba, akakutwa amekatwa kano la mguu wa nyuma, ikabidi achinjwe. Baba yako akasema hataki kulipwa ng'ombe. Anataka aliyemkata asimame mbele ya watu aseme, ni mimi. Asiposimama, yeye harudishi mifugo wala watoto Garsen. Mkahama, na upande wako wa dawati ukabaki wazi.

Kikao kilifanyika hapa shuleni, wazee wa pande zote mbili wakaja. Baba yako alimtuma ami yako Dhadho. Nimesikia aliporudi kwenu alisema nini: kwamba hakuna aliyesimama, isipokuwa msichana mmoja mwenye homa, akaropoka, akatolewa nje. Kadra, msichana huyo nilikuwa mimi. Na sikuwa na homa.

Aliyemkata ng'ombe wa mama yako ni baba yangu. Asubuhi ile nilimkuta mtoni akisugua panga kwa mchanga. Aliniambia nichote maji yangu niende. Pale kikaoni nilingoja asimame mwenyewe. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyemkata ng'ombe. Akauliza tena, baba akawa anatazama viatu vyake. Ndipo nikasimama mimi, nikasema nilichokiona. Baba hakunifokea. Alisema kwa upole kabisa kwamba mwanawe ameshikwa na malaria, wamwie radhi. Nikaona wazee wanamwamini, wa kwetu na wa kwenu, kwa sababu kutomwamini kungewapa kazi kubwa. Walinipeleka zahanati. Nilipimwa, sikukutwa na kitu, nikapewa dawa hata hivyo.

Sasa baba ananisalimu kama mgeni aliyelala kwetu. Mama ananiambia nimemvua nguo mume wake mbele za watu, halafu ananipakulia chakula kingi kuliko cha wenzangu, naye analia. Ua umejengwa upya. Migomba imestawi. Habari ya kikao kingine haitajwi na mtu yeyote, na mimi nikisema, naambiwa nikanywe dawa. Naomba Mungu kila siku, lakini siku hizi naona aibu hata kuomba, kwa kuwa sijui nimwombe amfanye nini baba.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii. Kwa anayetaka lori, hilo ni zuri na litadumu. Kwa anayengoja jitu, silioni mwaka huu, na unaofuata siujui. Usiliweke kwa ajili yangu. Neno nililokuwa nalo nilikwisha kulisema, na halikutosha. Shule ya huko ikikupokea, ingia, usije ukakosa mtihani kwa kutungoja sisi. Abdiaziz akiendelea kulitaka, mpe.

Nisalimie mama, na umwambie nimemlilia ng'ombe wake. Haya mengine umwambie au usimwambie, wewe ndiye utakayejua. Msalimie bibi, na baba yako pia, kama utaona atazipokea salamu kutoka nyumba yetu. Josephine anasema usisahau hesabu. Mungu awalinde nyote na mifugo yenu.

Na lori, Kadra: ukimpa Abdiaziz, usiniandikie kwamba umempa.

Ni mimi mwenzako wa dawati,
Priscilla Buya