Unga Juu ya Mfupa

Newala, Jumanne jioni

Laiti Mama Zuhura angesema tu, "Hata mimi niliamini." Nisingekasirika.

Mwaka wa tatu sasa tangu mimi na jirani yangu Mama Zuhura tuuone ule mfupa korongoni, tukishuka kuteka maji. Mnene kama kinu. Tukadhani ni wa mzee wa kale, maana wanasema watu wa zamani walikuwa majitu. Tukaunyunyizia unga wa mtama, tukaapa kutomwambia mtu. Tangu hapo, kila tukishuka, unga kidogo na dua. Nimeuambia mfupa ule mambo ambayo hata mume wangu hayajui.

Leo nimekuta wataalamu wanauchimbua. Aliyewaleta ni Mama Zuhura.

"Shikamoo, mama," kijana mmoja akaniamkia. Akanieleza taratibu kwamba ule ni mfupa wa paja la dinosaria, mjusi mkubwa aliyekufa kabla binadamu hajakuwapo duniani. Haya. Nimemwomba mjusi. Hilo nitalimeza.

Kisha akapangusa kwa brashi, akauliza, "Huu unga ni wa nini?"

Mama Zuhura akacheka, akaninyooshea kidole mbele ya wote. "Muulizeni Mama Fadhili. Anadhani ni babu yake huyo!"

Nikachukua ndoo yangu, nikapanda mlima bila maji.

Unga ule ulikuwa wake. Juzi tu alipiga magoti pale, akilia, akimwombea Zuhura apate mtoto. Mimi ndiye niliyemshikia bakuli.